Basi la Omena na Mvua Ndefu ya 1987

Jumatatu, 16 Machi 1987

Kitabu hiki nimepewa na mpwa wangu Seline, mwalimu kule Bondo. Alisema, "Mjomba, hadithi zako zinakua kila ukizisimulia. Ziandike siku ileile, zikiwa bado changa." Nimekubali. Ila Seline ajue kwamba hadithi zangu huzaliwa na ndevu tayari.

Tuanze na jina. Mimi ni Walter Odundo, dreva wa Nyar Nam, yaani Binti wa Ziwa. Hilo ndilo basi linalolala ufukweni Luanda Kotieno, asubuhi linakwenda Kisumu na watu na magunia ya omena, dagaa wadogo wa ziwani, jioni linarudi. Nimesoma mpaka darasa la tano; la sita liliniona likakimbia. Lakini kutoka ziwani mpaka mjini hakuna shimo nisilolijua. Mwaka wa sabini na nne kiboko alisimama katikati ya barabara karibu na Madiany. Nilipiga honi mara moja tu. Akanitazama, akaona ni mimi, akashuka mtaroni kwa heshima. Kondakta wangu, Yahya, mtu wa Kisumu mjini, Mwislamu asiyejua kudanganya, alikuwepo. Leo nikamwomba ashuhudie mbele ya abiria.

Akasema, "Kiboko nilimwona. Heshima sikuiona, nilikuwa nimefumba macho."

Mvua ndefu imeanza. Matone kama ngumi.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Basi limejaa. Mimi ni mzima.

Jumamosi, 21 Machi

Mkono unakataa kuandika ya leo, lakini niliahidi.

Tulikodiwa kubeba harusi kutoka Maseno hadi kanisani Kisumu. Nilivaa tai. Shangazi wa bibi harusi, Mama Jentrix, mwanamke mrefu mwenye kofia ya maua, alipanda ngazi moja akasimama. Akavuta pumzi. Akashuka kinyumenyume.

"Dreva, humu ndani mmelaza nini?"

"Mama, ni safi. Ni harufu ya omena tu. Imezeeka humo kama baba mkwe."

"Mtoto wetu hataingia kanisani akinuka mboga ya jana!"

Wakatembea. Harusi nzima ilishika njia kwa miguu, mvua inanyesha, wasichana wamebeba mkia wa gauni, mpaka lori la mchanga likawaokoa. Afadhali mchanga kuliko mimi! Steji yote ya mabasi Kisumu ilikuwa na habari hiyo kabla sijazima injini.

Jumatatu, 23 Machi

Kampuni mpya imeingia njia yetu. Inaitwa Zulia, na kweli, basi lake lina zulia jekundu sakafuni, mapazia madirishani, na abiria hufuta viatu kabla ya kupanda. Dreva wake ni Opiyo, kijana anayevaa miwani ya jua hata kukinyesha.

Leo steji alisimama juu ya bampa, watu wote wasikie. "Mzee Walter! Paka wako wamefika!"

Ni kweli, paka watatu wa steji hutungojea kila siku. Nikamjibu, "Hao ni walinzi wangu. Wewe nani anakungojea?"

"Watu," Opiyo akasema.

Steji ikacheka mpaka mama wa chai akamwaga chai.  Jibu nimelipata sasa hivi ninapoandika, tena kali sana, lakini limechelewa.

Ijumaa, 27 Machi

Mzee Nyandiga, mwenye kampuni, alituita mimi na Yahya nyumbani kwake Otonglo, kando ya barabara.

Seline, ujue huyu mzee ni nani. Kabla ya basi alikuwa na baiskeli. Alikuwa anabeba magunia ya omena kutoka ufukweni mpaka Kisumu, barabara ikiwa bado ni njia ya ng'ombe. Halafu akanunua lori kuukuu lililochoka kubeba miwa kule kiwanda cha sukari cha Miwani, fundi mmoja Mhindi akalikata mgongo na kuliwekea benchi za mbao. Hilo ndilo Nyar Nam la kwanza, mwaka wa sitini na sita, na mimi nilikuwa utingo wake. Abiria wa kwanza walikuwa wanawake wa omena, wamekalia magunia yao. Siku moja lile lori lilibeba mbuzi, kinanda cha kanisa, na maiti aliyefufuka tulipofika Ndori akadai arudishiwe nauli. Leo kampuni ina mabasi manne, mengine yote yanakimbia kwenye lami. Hili la ziwa ndilo mama yao.

Mzee hakutukaribisha chai. Hapo nikajua.

"Walter, jina letu limeoza. Harusi imelikimbia basi langu! Nikienda kanisani watu wananiita Baba Omena, hata mchungaji. Kuanzia Jumatatu, sitaki omena hata moja ndani ya basi. Mvua ikiisha na bado tunachekwa, nitaliuza kwa kiwanda cha sukari, libebe wakata miwa. Njia ya ziwa nitaifunga."

"Na mimi, Mzee?"

"Wewe utakaa nyumbani usimulie hadithi."

Usukani huu nimeushika tangu nywele zangu zikiwa zote nyeusi. Kusimulia hadithi bila basi ni kama kuimba ndani ya debe. Nilimwambia, "Sawa, Mzee." Njiani Yahya alikunja na kukunjua tiketi zake mpaka Kisian.

Jumatatu, 30 Machi

Jana tuliliosha basi kwa sabuni, majivu na ndimu, Yahya akamwaga marashi ya dada yake viti vyote. Leo alfajiri wanawake wa omena walifika na magunia. Mkubwa wao ni Mama Perez, mwenye sauti inayofika Mbita, ng'ambo ya ziwa, bila mashua. Akanusa mlangoni.

"Walter, hii ni nini? Basi au saluni?"

"Ni amri ya Mzee. Omena haiingii tena."

"Nyandiga amesema hivyo?" Aliweka gunia chini. "Mwambie mama yangu ndiye aliyesukuma baiskeli yake kwenye mlima wa Aram, yeye anapiga pedali na kulia. Harufu hii ndiyo iliyomnunulia koti analovaa kanisani."

"Mama Perez, mimi ni mkono tu."

"Ee. Mkono unaotupa sahani baada ya kula."

Wakaondoka wote, hata wale wasiokuwa na gunia. Tuliingia Kisumu tukinuka maua. Opiyo alitutazama tu. Hilo liliniuma kuliko kicheko chake.

Ijumaa, 3 Aprili

Abiria wachache sana. Mmoja alikuwa amelala, hakujua amepanda basi gani.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Viti vinagongana vyenyewe kwa upweke.

Jumapili, 19 Aprili, Pasaka

Pasaka zote nilizoendesha, watu walining'inia mlangoni. Leo tulimbeba katekista na jogoo wake.

Nimefikiri sana. Waliochukia harufu hawakurudi, wameshazoea zulia. Walioileta harufu tumewafukuza. Tumekuwa kama mtu aliyemfukuza mke ili amfurahishe jirani, na jirani hajafungua hata dirisha.

Alhamisi, 23 Aprili

Niliteremka ufukweni. Omena inataka siku moja nzuri ya jua, imetandazwa mchangani. Lakini mvua ya ziwa inaamka alfajiri, mchanga unabaki umelowa, na mpaka ukauke samaki ameshageuka uji. Wanawake walikuwa wanaizoa kwa majembe kuwapa wenye kuku. Mama Perez hakunitukana. Aliniambia, "Mos, Walter," yaani pole, kama mtu aliyekuja matangani. Nilitamani anitukane.

Jumamosi, 25 Aprili

Siku kubwa!

Asubuhi mvua ilipokatika nilimkuta mke wangu, Dorca, amepanda kigoda anatandaza omena juu ya mabati ya jiko.

"Wewe, utaanguka!"

"Ukingoja mchanga ukauke utakula Krismasi. Mabati yanapata upepo na jua. Mchana nitakupikia."

Nikatazama mabati. Nikatazama basi, limeegeshwa nje na keria yake ya mizigo juu, ndefu, tupu, inameta. Basi likanitazama. Na hapo wazo kubwa likaniingia kichwani lenyewe, bila kusaidiwa na mtu yeyote.

Dorca amesoma hapa juu ya bega langu. Anasema niandike mabati yalikuwa ya nani. Yalikuwa ya Dorca.

Wazo ni hili. Mvua ya ziwa huamka Luanda Kotieno alfajiri, halafu inalala. Mvua ya milima ya Nandi hushuka Kisumu alasiri. Katikati ya hizo mbili jua linatembea kutoka ufukweni kwenda mjini, na njia yake ni njia yangu. Dreva akiondoka na jua atafuatana nalo mpaka soko la Kibuye, na kilicho juu ya keria kitakuwa kimepata jua la safari nzima na upepo ambao ufukwe hauna.

Yahya alinisikiliza mpaka mwisho. "Mzee alikataza omena."

"Alikataza ndani. Juu hakutaja."

"Nikiulizwa nitasema kweli, Bwana Walter."

"Sema. Ila sema polepole."

Jumatatu, 27 Aprili

Mama Perez alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. "Na ikioza juu ya basi lako?"

"Basi litauzwa, na hiyo omena nitaila mbichi hapa mbele ya mabinti zako."

"Hiyo ningependa kuiona," akasema. Akaanza kuwaita wenzake.

Jumatano, 29 Aprili

Nimechoka, lakini nitaandika yote, na Mungu anihukumu nikiongeza kitu.

Mvua ilikatika kukipambazuka. Wanawake walikuwa tayari. Tulitandika mikeka ya mafunjo juu ya keria, wakaitandaza omena tabaka moja jembamba, kila samaki na nafasi yake, kisha wakaifunika kwa nyavu kuukuu na kuzifunga pembeni zisipeperuke. Ndani hakuingia hata jicho la samaki. Waliosha mikono kwa ndimu, wakakaa kama kwaya. Jua lilipotoka, nikaondoka nalo.

Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya mfalme. Kila tuliposimama, Mama Perez alipanda ngazi ya nyuma kuigeuza. Madiany watoto walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele kwamba basi limeota magamba. Na kweli, keria ilimeta ikanirudishia mwanga kwenye kioo.

Kwenye mlima wa Aram nikakanyaga breki.

Basi la Zulia lilikuwa limekaa mshazari barabarani, magurudumu ya nyuma yamezama. Abiria wake wamekaa ndani, hakuna anayetaka kuchafua viatu. Kushoto mtaro, kulia mtaro. Mbele, upande wa Nandi, wingu lilikuwa limeanza kunenepa. Tungekaa pale, mvua ingetukuta, na omena, na basi, na mimi, tungekwisha hapohapo.

Opiyo alikuja na matope mpaka magotini. Miwani imepotea topeni. Kumbe bila miwani ana macho ya mtoto wa mtu, na macho yenyewe yalikuwa na woga.

"Mzee Walter, nisaidie. Nikiliacha hapa nimefukuzwa kazi."

Jibu langu lile kali la mwezi wa tatu lilikuwa limekaa ulimini, limeiva. Nikalimeza. Mwenye kuogopa kunyang'anywa usukani namjua. Nilinyoa ndevu zake asubuhi ileile kwenye kioo changu.

Mama Perez hakuwa na muda wa huruma. Aliingia ndani ya Zulia na miguu yake ilivyo. "Nyinyi wa mapazia! Viatu mkononi, wote chini! Opiyo, toa hilo zulia."

"Mama, zulia? Bosi ataniua!"

"Litandike chini ya gurudumu, omera, ndugu yangu. Leo lifanye kazi."

Wakaling'oa. Zulia jekundu likalazwa juu ya tope la Aram kama anakuja askofu. Wanawake wa omena nyuma, abiria wa mapazia pembeni, Yahya amekunja kanzu mpaka kiunoni, mimi naimbisha. Zulia likashika, gurudumu likapanda, basi la Opiyo likaruka kando ya barabara. Klachi yake ikatoa moshi, ikafa. Lakini njia ilikuwa wazi. Na Nyar Nam, Binti wa Ziwa, lililofukuzwa harusini, likapita juu ya zulia jekundu huku watu wamesimama pande zote mbili wakipiga makofi. Nilipunga mkono. Ni nani asingepunga?

Abiria wa Zulia wakaomba kupanda kwetu. Wa mwisho alikuwa mwanamke mrefu, kofia ya maua mkononi imejaa tope. Mama Jentrix! Alipanda ngazi moja akasimama. Akavuta pumzi. Mimi nikaacha kuvuta yangu.

"Panda, mama," Mama Perez akamwambia kutoka dirishani. "Humu ndani ni marashi. Harufu yetu leo inasafiri juu, karibu na malaika."

Mama Jentrix akaangua kicheko. Akakaa.

Sasa Otonglo. Habari ilikuwa imenitangulia, kama kawaida. Mzee Nyandiga alikuwa amesimama katikati ya barabara na fimbo yake, peke yake, kama kile kiboko. Honi sikupiga. Nikazima injini. 

"Walter. Nilisemaje?"

"Ulisema ndani, Mzee."

"Yahya?"

"Ni kweli, Mzee, ulisema ndani," Yahya akajibu. "Na ni kweli Walter alijua ulimaanisha kote."

Polepole hakusema!

Mzee alizunguka nyuma. Akashika ngazi, akapanda, mzee mzima, sisi tumeshikilia miguu. Kule juu alipiga magoti kando ya mikeka. Akatoa omena moja chini ya wavu, akaivunja karibu na sikio. Omena mbichi inakunjika. Iliyokauka inalia. Sisi wote chini tulisikia: tak!

"Mama Perez," akaita, "mama yako alikuwa anasemaje tukifika kilele cha Aram?"

"Alikuwa anasema: kanyaga, mjinga, Nandi inakuja!"

Mzee akacheka huku anafuta macho kwa mkono ule ule wenye omena. "Walter, umesikia. Kanyaga."

"Shuka kwanza, Mzee."

"Nishuke niende wapi? Huu ni mzigo wangu."

Akaja Kibuye amekaa juu ya keria, ameshika wavu kwa mikono miwili, kofia yake ilipeperushwa pale Kisian, sikusimama. Tulishusha mkeka wa mwisho chini ya paa la soko, na tone la kwanza likaniangukia puani. Wateja walikuwa wanasukumana. Kisumu haikuwa imeona omena kavu kwa mwezi mzima. Wa kwanza kununua alikuwa Mama Jentrix. Aliomba gorogoro, lile kopo la kupimia, lijazwe mpaka limwagike.

Jumamosi, 2 Mei

Dorca anasema Otonglo iko kabla ya Kisian tukitoka Kisumu, kwa hiyo tukitoka ziwani Kisian huja kwanza, na kofia haikuweza kupeperukia huko. Basi ilipeperuka ikarudi nyuma. Upepo ulikuwa mkali.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Tumejaa mpaka mlangoni. Kibuye wanasema Nyar Nam lina jua lake lenyewe. Sijawasahihisha.

Jumanne, 26 Mei

Zulia imehamia njia ya lami. Opiyo hakwenda nayo. Alikuja kwa Mzee kuomba kazi, bila miwani, na Mzee akaniuliza mimi. Nikasema apewe. Kesho naanza kumfundisha namna ya kuondoka na jua.

Ijumaa, 12 Juni

Mvua inaaga. Mchanga wa ufukweni umekauka, omena inaweza kurudi chini, lakini Mama Perez amekataa: ya keria ina bei yake sasa. Leo Mzee alileta mchoraji. Nilidhani ataandika tena Binti wa Ziwa. Mzee akamwonyesha paji la uso wa basi kwa fimbo. "Hapo. Herufi kubwa, mtu asome akiwa Maseno: BASI LA OMENA."

"Mzee, na kanisani?" nikamuuliza.

"Nimemwambia mchungaji aniite Baba Omena kwa sauti."

Jumamosi, 20 Juni

Jua tupu.

Mama Jentrix alikuwa na mpwa mwingine wa kuolewa. Alikuja mwenyewe kwa Mzee, akasema hataki basi lingine. Leo asubuhi nilisimama Maseno na tai yangu ileile. Bibi harusi alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, akaingia, akakaa nyuma yangu. Wanawake wa omena walikuja bila kualikwa, wamevaa nguo za kanisa, wakaimba njia nzima. Opiyo alikuwa utingo, amening'inia nyuma akipuliza baragumu.

Tulipoingia Kisumu tulipita steji, maana njia ya kanisani inapita hapo. Wale paka watatu walikuwa wamekaa mahali pao. Walituona. Wakainuka, wakapanga mstari, mikia juu, wakafuata basi la harusi taratibu mpaka mlango wa kanisa, na bibi harusi aliposhuka walikaa pande mbili za ngazi kama wasimamizi.

Seline, hii sikuikuza hata kidogo. Muulize Yahya, safari hii alikuwa amefumbua macho.